S.M. Otieno: Wakili ambaye kaburi lake liliamuliwa kortini

JINA la Silvano Melea Otieno lilikuwa limezoeleka masikioni mwa mahakimu, makarani na washtakiwa wa Nairobi kwa miaka mingi kabla ya kifo chake. Hata hivyo, kwa mamilioni ya Wakenya wengine, jina hilo lilianza kuvuma wakati mwenyewe hakuweza tena kulisikia. Wakili huyo alifariki Jumamosi, Desemba 20, 1986, akiwa na umri wa miaka 55. Hakuzikwa hadi Jumamosi, Mei 23, 1987.

Kati ya tarehe hizo mbili zilipita siku 154. Mwili wake ulihifadhiwa katika mochari ya jiji, kando ya Barabara ya Ngong, huku mjane wake na ukoo wake wakivutana katika majumba ya mahakama katikati ya jiji juu ya mahali ambapo angelazwa. Kesi hiyo, inayojulikana na wanasheria kama Otieno dhidi ya Ougo, ingali inatajwa kila mara familia za Kenya zinapogombea maiti.

Wengi wanaikumbuka kesi na kumsahau mtu. Lakini ni maisha ya mtu huyo, namna alivyosoma, alivyooa, alivyokaa na alivyonyamaza, yaliyokuwa ushahidi mkuu mbele ya majaji.

KUTOKA ALEGO HADI NAIROBI

Bw Otieno alizaliwa mwaka 1931 Nyalgunga, eneo la Alego katika nchi ya Siaya, mkoa wa Nyanza. Alikuwa wa ukoo wa Umira Kager, mojawapo ya koo kubwa za Waluo. Kijana aliyezaliwa huko wakati ule alikuwa na njia chache za kupanda ngazi ya maisha, na iliyokuwa na hakika zaidi ni shule.

Taaluma ya sheria haikuwa njia rahisi kwa Mwafrika. Serikali ya kikoloni haikupendelea kuona Waafrika wakiwa mawakili, kwani wakili angeweza kuitumia sheria ya mkoloni dhidi ya mkoloni mwenyewe. Kenya haikuwa na chuo cha sheria, na aliyetaka kusomea kazi hiyo alilazimika kuvuka bahari. Baadhi walikwenda Uingereza, kama alivyofanya C.M.G. Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, ambaye jina lake limebaki katika barabara inayopita Hurlingham, magharibi mwa Nairobi. Wengine walikwenda India, ambayo baada ya kupata uhuru mwaka 1947 ilifungua milango ya vyuo vyake kwa vijana wa Afrika Mashariki. Bw Otieno alikuwa miongoni mwa hao waliosoma India.

Aliporejea nchini, uhuru wa Kenya ulikuwa unakaribia. Ndipo alipoanza kazi ya uwakili katika jiji lililokuwa likibadilika upesi, ambamo ofisi, mahakama na mitaa iliyokuwa ya Wazungu na Wahindi ilianza kupokea Waafrika. Alijijengea sifa hasa katika kesi za jinai. Huko kazi ya wakili ni kusimama kando ya mtu ambaye umma umekwisha kumhukumu, na kuitaka serikali ithibitishe madai yake.

NDOA ILIYOVUKA MIPAKA

Mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, Bw Otieno alimwoa Bi Virginia Edith Wambui Waiyaki. Ndoa yao ilifungwa chini ya Sheria ya Ndoa, yaani ndoa ya kiserikali ya mume mmoja na mke mmoja. Jambo hilo, ambalo siku ile lilionekana kuwa la kawaida kwa wasomi wa mjini, lingekuja kuwa nguzo ya kesi miaka 23 baadaye.

Bi Wambui hakuwa mwanamke wa kufichwa nyuma ya jina la mumewe. Alizaliwa mwaka 1936 katika familia mashuhuri ya Wakikuyu, akiwa kitukuu cha Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Dagoretti aliyepambana na wakoloni wa kampuni ya Waingereza na kufia Kibwezi mwaka 1892 alipokuwa akipelekwa pwani akiwa mfungwa. Babake, Tiras Waiyaki, alikuwa afisa wa polisi. Binti alichagua upande mwingine. Aliwasaidia wapiganaji wa Mau Mau mjini Nairobi, na baadaye akazuiliwa Lamu. Baada ya uhuru aligombea ubunge mwaka 1969 na tena mwaka 1974, wakati ambapo wanawake waliothubutu kufanya hivyo walihesabika kwa vidole. Kakake, Dkt Munyua Waiyaki, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje katika miaka ya sabini.

Ndoa ya Mluo na Mkikuyu ilikuwa na uzito wake. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, viongozi wa jamii hizo mbili walishirikiana katika chama cha KANU. Ushirika huo ulivunjika mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha KPU. Mwaka 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi katikati ya Nairobi, na chuki ikaenea. Wakati siasa zikiwatenganisha watu, nyumba ya Otieno na Wambui ilibaki imesimama. Walijaliwa watoto tisa, na wakalea wengine sita kama wao.

Familia hiyo iliishi Langata, kusini-magharibi mwa jiji, na kumiliki shamba Upper Matasia, karibu na mji wa Ngong. Yalikuwa maisha ya tabaka jipya la Nairobi. Baadhi ya watoto walipelekwa Marekani kwa masomo. Baba mwenyewe alimpenda Shakespeare na kufurahia kutazama mchezo wa televisheni wa Marekani kuhusu Perry Mason, yule wakili wa kubuni ambaye ni nadra kushindwa kesi. Mashahidi waliokuja kusimama upande wa mjane walimwonyesha kuwa mtu aliyeziweka kando mila za ukoo wake na kuishi kwa taratibu za kisasa.

Picha hiyo haikuwa kamili. Upande wa pili ulimjua Otieno mwingine, mwana wa Nyalgunga ambaye babake alikuwa amezikwa huko, na ambaye jamaa zake walimhesabu kuwa wao. Kwao, nyumba ya Langata ilikuwa mahali pa kulala mtu anapofanya kazi. Boma lilikuwa Alego. Tofauti hiyo kati ya nyumba na boma haikuwa ya maneno tu. Kwa mila ya Waluo, boma haliwi boma kwa sababu mtu amenunua kiwanja na kupewa hatimiliki. Linaanzishwa kwa taratibu maalum zinazowahusisha wazazi na ukoo, na ndipo mahali pa kumzika mwenye boma.

KIFO NA MVUTANO

Siku ya kifo chake, Bw Otieno alipatwa na ugonjwa wa ghafla wa moyo na kukimbizwa Nairobi Hospital, ambako alifariki. Krismasi ilikuwa imebakiza siku tano. Bi Wambui alianza kupanga mazishi Upper Matasia, akisema hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya mumewe. Nduguye marehemu, Bw Joash Ochieng Ougo, pamoja na Bw Omolo Siranga, kiongozi wa ukoo wa Umira Kager, walipanga mazishi Nyalgunga.

Kabla ya mwaka kumalizika, Bi Wambui alikwenda Mahakama Kuu. Jaji Frank Shields alikubaliana naye, akiona kwamba mtu aliyeishi kama Bw Otieno, msomi na mkazi wa jiji kubwa lenye watu wa kila aina, hangeweza kwa urahisi kuhesabiwa kuwa chini ya sheria za kimila. Furaha ya mjane haikudumu. Mapema Januari 1987 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha mazishi, na baadaye ikaagiza kesi isikilizwe kikamilifu, mashahidi wasimame na kuhojiwa.

Kesi ilianza upya Januari 21, 1987 mbele ya Jaji Samuel Bosire. Dkt John Khaminwa alimwakilisha mjane, naye Bw Richard Kwach akauwakilisha ukoo. Umati ulijaa nje ya jengo la mahakama karibu na City Hall, jengo ambalo miaka ya baadaye lilikuja kuwa makao ya Mahakama ya Juu. Magazeti yalichapisha ushahidi siku baada ya siku, na katika ofisi, matatu na vilabu vya pombe watu walibishana kana kwamba kila mmoja alikuwa na ndugu yake ndani ya mochari ile.

Hoja ya Dkt Khaminwa ilikuwa na matawi kadhaa. Alisema kwamba kwa kufunga ndoa ya kiserikali, kwa kuishi mjini na kwa kulea watoto nje ya mila, marehemu alikuwa amejitoa katika utawala wa sheria za kimila. Sheria iliyofaa kutumika, kwa maoni yake, ni sheria ya kawaida iliyotokana na Uingereza pamoja na sheria zilizotungwa na Bunge, ambazo humpa mke nafasi ya kwanza. Aidha, aliwaleta mashahidi kueleza kwamba marehemu aliwahi kusema kwa kinywa chake kwamba alitaka kuzikwa karibu na makao yake ya Nairobi.

Bw Kwach alishikilia kwamba Mluo huzaliwa Mluo na kufa Mluo. Elimu, fedha na mke wa kabila lingine havimbadilishi. Mwacha asili ni mtumwa, wahenga walisema, na ukoo ulikuwa unaiambia mahakama kwamba haungekubali mwana wake afanywe hivyo baada ya kufa. Wazee walieleza hofu kwamba marehemu asipozikwa ipasavyo, roho yake ingewasumbua walio hai. Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyejulikana kwa utafiti wake juu ya hekima ya wazee wa Kiafrika, alisimama kizimbani na kueleza mila za Waluo kuhusu kifo na maziko. Mchimba kaburi kutoka kijijini naye alieleza kwamba marehemu aliwahi kuzungumza naye juu ya kumwandalia kaburi huko kwao.

Ndipo ilipodhihirika shida kubwa ya kesi hiyo. Pande zote mbili zilidai kuijua kauli ya marehemu, na kauli hizo zilipingana. Bw Otieno, ambaye riziki yake ilitokana na kujua thamani ya ushahidi, alikufa bila kuandika wasia.

HUKUMU

Jaji Bosire alitoa hukumu Februari 13, 1987. Aliamua kwamba mwili ukabidhiwe Bi Wambui na Bw Ougo kwa pamoja, au mmoja wao, ili uzikwe katika kijiji cha Nyamila, Nyalgunga. Jina la mjane lilikuwamo katika amri, lakini mahali ni pale alipopataka ukoo. Bi Wambui alikata rufaa. Mei 15, majaji J.O. Nyarangi, Harold Platt na J.M. Gachuhi wa Mahakama ya Rufaa waliitupa rufaa hiyo.

Ili kuelewa kwa nini mjane alishindwa, ni lazima kutazama vifungu vilivyokuwa mezani. Kifungu cha 3(2) cha Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 kinasema kwamba katika kesi za madai ambapo mhusika yuko chini ya sheria za kimila, mahakama ziongozwe na sheria hizo, mradi tu hazipingani na haki na maadili wala na sheria iliyoandikwa. Bunge halikuwa limetunga sheria yoyote ya kuamua ni nani mwenye haki ya kumzika aliyekufa bila wasia. Palipokuwa na pengo hilo, majaji waliweka mila.

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haikumwokoa Bi Wambui. Inahusu mali ya marehemu, na tangu zamani sheria ya Kiingereza imeshikilia kwamba maiti si mali ya mtu yeyote. Majaji walisema pia kwamba mjane wa aliyekufa bila wasia hawi msimamizi wa mirathi mpaka mahakama impe hati ya usimamizi. Bi Wambui hakuwa na hati hiyo.

Hata wasia wenyewe, kama ungalikuwepo, haungemaliza ubishi wote. Katika kesi ya Williams dhidi ya Williams ya mwaka 1882, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mtu hawezi kuusia mwili wake kama anavyousia shamba. Matakwa ya marehemu husikilizwa, lakini hayawafungi walio hai. Hata hivyo, wasia ungemtaja msimamizi, na kwa sheria hiyo hiyo ya Kiingereza msimamizi aliyetajwa ndiye mwenye jukumu la kuzika. Karatasi moja iliyotiwa saini mbele ya mashahidi wawili ingalimpa Bi Wambui silaha aliyoikosa.

Mbele ya vifungu hivyo kulikuwa na ukuta mrefu zaidi. Katiba iliyokuwapo ilikataza ubaguzi katika kifungu cha 82, lakini kifungu kidogo cha nne kiliyaondoa katika kinga hiyo mambo ya ndoa, talaka, urithi na maziko. Neno maziko lilikuwamo ndani ya Katiba. Kwa hivyo mjane aliyelalamika kwamba mila ilimnyima nafasi kwa sababu ni mke angeambiwa kwamba Katiba yenyewe iliruhusu hali hiyo. Nairobi ilikuwa imeandaa mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake mnamo Julai 1985. Miezi ishirini na miwili baadaye, mahakama ya juu kabisa ya nchi ilitoa uamuzi ulioonyesha jinsi haki za mwanamke zilivyokuwa na mwisho mlangoni pa mochari.

Kwa upande mwingine, isisahaulike kwamba wengi waliushangilia uamuzi huo kwa sababu zenye uzito. Mahakama za kikoloni ziliziona mila za Kiafrika kuwa kitu cha kuvumiliwa hadi zitakapokufa zenyewe. Hapa majaji walikuwa wakitamka kwamba mila ni sheria kamili, na kwamba msomi wa Langata na mkulima wa Alego ni wamoja mbele yake. Wambui alipoteza haki yake, na wakati huo huo kijiji kikapata heshima kiliyonyimwa kwa muda mrefu. Ugumu wa kesi ulikuwa hapo, na ndiyo maana haikusahaulika.

MAREKANI WANGEAMUAJE?

Mtu anaweza kujiuliza kesi hiyo ingekwendaje katika nchi ya Perry Mason. Marekani nayo ilirithi sheria ya Kiingereza, ikakuta pengo lile lile, na mahakama zake zikalijaza kwa njia nyingine. Katika kesi ya Pettigrew dhidi ya Pettigrew ya mwaka 1904, Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania iliweka kanuni kwamba haki ya kwanza ni ya mume au mke aliyebaki, hasa kama waliishi pamoja hadi kifo, na kwamba matakwa ya marehemu yapewe uzito. Ukoo, kwa maana tunayoijua sisi, haumo katika orodha hiyo.

Hata huko mivutano haikuisha. Anna Nicole Smith, mwanamitindo aliyekuwa maarufu kwa picha na televisheni, alipofariki Florida mnamo Februari 8, 2007, mamake alitaka azikwe Texas alikozaliwa. Wengine walitaka azikwe Bahamas, kando ya kaburi la mwanawe aliyefariki mwaka uliotangulia. Jaji Larry Seidlin alisikiliza kesi hiyo mbele ya kamera za televisheni, akaukabidhi mwili kwa wakili aliyeteuliwa kumwakilisha binti mchanga wa marehemu. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na matokeo, ikisisitiza kwamba kinachotangulia ni nia ya marehemu. Alizikwa Bahamas Machi 2, chini ya mwezi mmoja baada ya kufa.

Kesi hizo zinafanana na ya Otieno kwa mambo mengi. Kuna mzazi au ndugu anayedai asili, na kuna upande mwingine unaodai maisha ambayo marehemu alijichagulia. Kinachotofautiana ni swali la kwanza la jaji. Jaji wa Florida aliuliza marehemu alitaka nini. Majaji wa Nairobi waliuliza marehemu alikuwa nani, na jibu lao likatokana na mahali alipozaliwa.

BAADA YA NYALGUNGA

Maelfu ya watu walihudhuria mazishi Nyalgunga. Bi Wambui hakwenda. Mwaka 1998 alichapisha kitabu cha maisha yake, Mau Mau's Daughter, ambamo alieleza kesi hiyo kwa upande wake. Alifariki Agosti 30, 2011.

Mawakili na majaji wa kesi hiyo walisonga mbele. Bw Kwach aliteuliwa jaji wa Mahakama ya Rufaa. Jaji Bosire naye alipanda hadi mahakama hiyo, na baadaye akaongoza tume ya kuchunguza kashfa ya Goldenberg. Dkt Khaminwa aliendelea kutetea kesi za haki za binadamu kwa miongo mingi.

Sheria nayo haikubaki pale ilipoachwa. Mwaka 2004, Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu aliamua katika kesi nyingine ya maziko kwamba mwenye wajibu wa kwanza wa kuzika ni yule aliye karibu zaidi na marehemu kisheria, na kwamba kwa kawaida ukaribu huo hupatikana katika ndoa. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Ile orodha iliyoyaondoa maziko katika kinga dhidi ya ubaguzi haimo tena. Kifungu cha 2(4) kinabatilisha mila yoyote inayopingana na Katiba, na kifungu cha 45 kinawapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa katika ndoa na inapovunjika.

Mabadiliko hayo hayajaifuta mila. Katiba hiyo hiyo inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kifungu cha 3(2) kilichomshinda Bi Wambui hakikung'olewa pamoja na Katiba ya zamani. Kilichobadilika ni mizani. Jaji wa baada ya mwaka 2010 hana budi kumweka mjane kwenye mizani kama raia kamili, jambo ambalo Katiba ya zamani haikumlazimisha kulifanya.

Bw Otieno aliishi maisha mawili bila kulazimika kuchagua, kama wanavyoishi wakazi wengi wa Nairobi. Siku za kazi ni wa jiji, na siku za msiba ni wa kijiji. Mtu akiwa hai, maisha hayo mawili hukaa pamoja, kwani mwenyewe yupo kuyapatanisha. Anapokufa, mpatanishi huyo hayupo tena, na kaburi haliwezi kuchimbwa mahali pawili. Wakili huyu aliwasemea wengine mahakamani kwa miaka mingi. Kuhusu kaburi lake mwenyewe, hakuacha maandishi, na wengine wakalazimika kumsemea.